Kuhusu Huu Uso Wetu, Kurwa

Stokholm,
Jumapili asubuhi.

Kwako dada yangu Kurwa,
Makuyuni, Korogwe.

Shikamoo. Nakuamkia kama mkubwa wangu, ingawa ukubwa wenyewe ulinizidi kwa muda wa kukaanga yai tu, na tangu siku hiyo umeutumia bila huruma: mkeka mpya wako, mkuukuu wangu, maji ya kuoga ya kwanza wewe, ya pili mimi. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningefanya zaidi.

Hamjambo hapo nyumbani? Kifua cha shemeji Athumani kinaendeleaje? Shangazi Mwanamvua bado anasikia yale tusiyotaka ayasikie? Na wewe, kile kidonda cha mguu, cha jembe, kimefunga kweli au kimefunga kwenye barua tu? Nieleze habari za mvua. Nieleze na shamba la kijiji, kama mmeshapanda au bado mnakaa mkutano wa kupanga mkutano. Mimi hapa mwili mzima, nakula, nalala, nalea watoto wa watu. Mama Neema, huyu mke wa bwana wetu wa ubalozini niliyekuja naye kumlelea watoto, anakusalimu sana. Theluji imeanza tena. Ukiitazama dirishani utadhani kuna mtu huko juu anachekecha unga wa muhogo na hajali unamwagikia wapi.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nililia kabla sijaisoma, kwa ajili ya mwandiko. Miaka yote barua zako zimeandikwa na binti yako Zaina, nami nilikuwa napunguza nusu ya maneno nikijua ni ya kwake. Safari hii nikaona herufi kubwa kubwa zimeinama kama mahindi yaliyopigwa na upepo, nikajua huu ni mkono wako. Kumbe lile darasa la watu wazima, ulilosema unakwenda kuwasindikiza wenzako tu, ulikuwa unasoma. Hongera sana. Nikamwonyesha Mama Neema, akasema mwandiko wako unasomeka kuliko wangu. Nikaikunja barua nikaiweka kifuani.

Halafu nikaitoa nikaisoma.

Ngoja kwanza nikueleze vizuri jambo lenyewe, maana mara ya mwisho nilikuandikia mistari mitatu tu, kama mtu anayearifu kwamba amebadilisha sabuni.

Ilikuwa baridi ya mwaka jana. Nilisimama kituoni nangoja basi, upepo unanipiga upande wa kushoto, nikarudi nyumbani nikalala. Asubuhi nikanywa chai, chai ikatoka pembeni mwa mdomo ikateremka kifuani. Nikafikiri kikombe kina ufa. Nikabadilisha kikombe. Na cha pili kina ufa. Nikaenda kwenye kioo cha bafuni, nikakuta mwanamke ambaye upande wa kulia ni mimi, na wa kushoto umeporomoka kama ukuta wa udongo ulionyeshewa masika yote: jicho halifumbi, shavu limelegea, kona ya mdomo imeinama chini. Nikajaribu kutabasamu. Nusu ikatabasamu, nusu ikabaki inanitazama.

Nikawaza yale ambayo hata wewe ungewaza, kwamba nimepitiwa na upepo mbaya. Mama Neema akanikimbiza hospitali. Wakasema ni mshipa wa fahamu wa uso, umekufa ganzi, na kwa watu wengi huamka wenyewe baada ya muda. Nikangoja. Nikakanda kwa maji ya moto, nikasoma dua zote ninazozijua na mbili ambazo sina hakika nazo. Theluji ikayeyuka, majani yakachipua, yakapukutika, sasa theluji imerudi. Uso wangu haujarudi.

Nakula huku nimeshika shavu kwa mkono, chakula kisitoroke. Nikilala nabandika jicho plasta. Neema, mkubwa wa watoto ninaowalea, aliniuliza siku moja kwa nini nikicheka nafanana na mtu anayenusa samaki aliyelala. Hakuwa na ubaya, mtoto wa watu, na kusema kweli alikuwa amepatia. Lakini tangu siku hiyo nikitaka kucheka nageukia ukutani. Mimi, Kurwa. Mimi niliyewahi kutolewa matangani kwa kucheka.

Sasa hapa yupo daktari, bingwa wa kukata na kushona nyuso. Kazi yake ya kila siku utaicheka mwenyewe. Wanawake wenye pesa zao, wazima kabisa, wanamwendea awakate mbele ya sikio, aivute ngozi ya uso kwenda juu, apunguze iliyozidi, ashone, ili wasionekane wazee. Nikamuuliza Mama Neema: yaani wanatoa hela ili mtu asiwape shikamoo? Akasema ndiyo hivyo. Mimi nimeingojea shikamoo tangu nikiwa msichana, kwa sababu yako sikuwahi kuipata nyumbani, na wenzangu wanaikimbia.

Kwangu mimi, alisema atachukua ukanda mwembamba wa nyama ngumu pajani, aupitishe chini ya ngozi ya shavu mpaka juu ya sikio, aukaze. Kisha ngozi nayo ataivuta kidogo, kama ya wale matajiri. Alinieleza bila kunificha: upande ule hautakuwa na uhai wala hautacheka wenyewe, lakini utakaa mahali pake. Mdomo utashika chai. Jicho litafumba, au litakaribia kufumba.

Nikamuuliza lini. Akasema hapo ndipo penye ugumu. Wapo wachache ambao mshipa uliwaamkia baada ya mwaka na zaidi, na tukikata sasa huenda tukaharibu kitu kilichokuwa njiani. Kwa hiyo ningeweza kungoja. Lakini muda wa bwana wetu hapa unakwisha, masika yakipita kwenu sisi tunafunga mizigo, na huko nyumbani sijui nani ana kisu cha namna hiyo, wala nani ana nafasi ya kushughulika na shavu la mjane wakati kuna wanaokufa. Yaani nikingoja huenda uso ukaamka, na huenda nikarudi nao hivihivi mpaka kaburini.

Hayo ndiyo niliyoyaminya yakawa mistari mitatu: uso umelegea, daktari atanikata aukaze, usiwe na wasiwasi. Nawe hukuwa nao. Uliuchukua wote ukampelekea Shangazi.

Umeniandikia kwamba alisikiliza mpaka mwisho, akatema ugoro, akasema: "Hao ni mtu mmoja aliyekuja na miguu minne. Ugonjwa ukitolewa kwa huyu, unakwenda wapi? Si unahamia kwa mwenzake?" Kwamba fundi wa chale wa Bungu ameshapelekewa habari, na atateremka na wembe wake na dawa yake ya kupaka. Atakuchanja chale mbele ya sikio la kushoto kushuka mpaka kwenye taya, palepale nitakapokatwa mimi, siku ileile, isitangulie wala isifuate, ili ugonjwa usipate pa kuhamia. Kwamba kinachongojwa ni simu yangu ya maandishi hapo posta Korogwe, yenye siku. Na chini kabisa, kwa herufi zilizozidi hata zile nyingine ukubwa: NIKO TAYARI. WEWE TAJA SIKU.

Mtu mwingine angesoma hayo akafikiri ni maneno ya bibi kizee tu. Mimi nawajua watu wangu. Jino langu la gego lilipooza tukiwa wadogo, nikapelekwa Korogwe ya Zamani kung'olewa, na wewe ukakalishwa kiti kilekile ukang'olewa lako, zima, jeupe, na njia nzima ya kurudi Handeni, tulikokuwa tukikaa wakati huo, ulinitazama kama mtu aliyekuibia. Marehemu mume wangu naye alipokuja kuniposa akaambiwa angoje mpaka wewe nawe uposwe, tuolewe siku moja. Kila tulipogombana alinikumbusha kwamba yeye ni mwanamume pekee aliyewekwa kwenye foleni kwa mwanamke ambaye hakuna mwingine aliyekuwa akimtaka.

Lakini jino ni jino, na kungoja ni kungoja. Mwaka uliopita jembe lilikukwaruza ugokoni. Kukwaruza tu. Ukauguza kidonda tangu palizi mpaka watu wanavuna, na Zaina aliniandikia pembeni mwa barua, wewe hujui kusoma wakati huo, kwamba mnaambiwa damu yako ina sukari na mguu ungeweza kuondoka. Sasa unataka kumpa mtu uso wako auchane kwa wembe uliochanja kijiji kizima, apake majivu ya mizizi, kwa sababu ya shavu langu mimi. Niliposoma "niko tayari" nilimimina maziwa ya mtoto kwenye birika la chai.

Ijumaa nilikuwa na miadi na daktari, kupanga siku. Nilikwenda na Mama Neema awe mkalimani. Nikasema siku bado siwezi kuikubali, kwa sababu ya dada yangu. Daktari akauliza dada yangu anaumwa nini.

"Haumwi," nikasema. "Ila nikikatwa mimi, naye atakatwa."

Mama Neema akatafsiri. Daktari akamtazama yeye, kama aliyekosea ndiye yeye, akamwomba arudie. Akarudia.

"Atakatwa kwa ugonjwa gani?"

"Kwa ugonjwa wangu."

Akaweka kalamu chini. Hakucheka, hilo nampa. Akasema yeye hajui kuamua mambo ya nyuso mbili, anajua ya uso mmoja, na kwamba ana nafasi kabla mwezi huu haujaisha, baada ya hapo ni mbali sana, sisi tutakuwa tumeshaondoka. Akaniomba picha ya uso wangu wa zamani, ajue kona ya mdomo ilikuwa imekaa wapi.

Picha nilikuwa nayo mkobani, ile tuliyopigwa Korogwe karibu na stesheni, kanga sare, mikono magotini, tumenuna kama tunangoja kuhukumiwa. Daktari akaitazama, akauliza mimi ni yupi.

Nikaweka kidole. Nikakiondoa. Nikakiweka kwa mwingine.

Kurwa, sikujua. Nimezitazama zile sura mbili nikitafuta kovu, hereni, kifungo, chochote. Mama Neema akaninong'oneza, "Dada Doto, unanitania?" Nikageuza picha nyuma, hakuna jina. Daktari anangoja, kalamu ipo hewani. Mwisho nikamwambia, "Yeyote tu. Ni mmoja." Mama Neema akatafsiri, yule bwana akaandika, nami nikatoka pale. Nilikuwa nimesema maneno ya Shangazi kwa mdomo wangu mwenyewe, tena mdomo uliopinda.

Jana kutwa nimepiga pasi. Nguo za nyumba hii zimenyooka kuliko zinavyohitaji, hata soksi nimezipiga. Mama Neema akaja akakaa kwenye kiti cha jikoni.

"Mwandikie kwamba umeghairi," akasema. "Ukishapona ndipo umweleze."

"Halafu nishuke stesheni na uso umekazwa?"

"Wakati huo atafanya nini?"

"Yeye hatafanya kitu. Shangazi atamwita fundi afidie."

"Basi ghairi kweli."

Hilo nimelifikiria, usidhani sikulifikiria. Nimelishika tangu mashati mpaka mashuka. Nikajiona nimerudi hivihivi, watani wamenijia mbio wameshapata jina la kunipa. Hayo ningeyastahimili, na mimi ningewarudishia. Nikajiona nakula kwa wakwe wa Zaina nimeshika shavu. Hilo nalo, kwa shida. Kisha nikajiona mimi na wewe jikoni kwako, unanisimulia umbea wa kijiji, na mimi nageukia ukutani. Hapo nikashindwa. Nimejitahidi kuwa mtu mwema anayetaka kurudi na uso huu kwa ajili ya dada yake, nikajikuta sitaki. Naona haya kukuandikia hivyo, mwanamke mwenye mvi, lakini ndiyo kweli: nautaka uso wangu, hata kama nusu yake itakuwa ya kushikizwa.

Ndipo nikakumbuka kitu, pasi ikiwa juu ya mkono wa shati la bwana, nikaliunguza kidogo, na naomba hilo libaki kati yetu. Uso wangu ulipoporomoka, wako haukuporomoka. Mwaka mzima nimekuwa nikikuuliza kwa ujanja kwenye barua: unakula vizuri? Mate hayakutoki? Jicho la kushoto halikusumbui? Ukanijibu kwamba meno yako ni mazima na ninaanza kuuliza maswali ya kizee. Nilikuwa nakupima, dada. Nilikuwa naogopa sana nitasikia na wewe umeanguka. Hukuanguka. Ugonjwa ulikuja ukamkuta mtu mmoja, ukamshika huyohuyo, haukuuliza kama ana mwenzake. Sasa kama ugonjwa wenyewe haukukufuata, kwa nini wembe ukufuate?

Sisemi Shangazi ni mwongo. Amelea jozi tatu za mapacha, na sisi tuko hai. Huenda anajua ninachokosea. 

Lakini nimeamua. Jana jioni Mama Neema alinipigia simu kwa daktari, na siku imepangwa. Wewe sitakutajia. Simu ya maandishi haitakuja posta Korogwe, usimtume Zaina kuuliza. Huenda ukisoma hapa nyuzi zimeshatolewa, huenda bado sijalazwa, huenda ni leo hiihii. Shangazi amesema siku ileile, isitangulie wala isifuate. Na siku haijulikani. Mwambie hivyo. Mwambie Doto amekataa kutaja, na mwenye kosa ni Doto peke yake. Aninunie mimi, nitakuja kupiga magoti nikifika. Akisema fundi aikadirie siku, mkatalie. Akisema Doto amekuwa Mzungu, mwambie Wazungu wenyewe hawanielewi.

Na kama shavu lako litalegea, Mungu apishie mbali, niandikie siku hiyohiyo kwa mkono wako, sio wa Zaina. Nitakubali kwamba Shangazi alisema kweli, na nitakaa na jambo hilo maisha yangu yote. Kila asubuhi hapa nitaamka nikijishika uso wangu na kuuogopea wako. Tena mshipa nao huenda ungeamka wiki ijayo, nani ajuaye. Hilo nalo nimelichukua. Ila usikatwe. Nakuomba kwa maziwa ya mama, usikatwe. Bwana daktari ana dawa ya usingizi na maji yaliyochemka. Wewe utakuwa na mkeka na Shangazi anayekushika kichwa.

Kisu hakinitishi kama unavyofikiri. Kinachonitisha ni kwamba hili ni jambo la kwanza ninalolifanya bila wewe. Nimezaa, umezaa, nimefiwa na mtoto, ulilala chini kama mfiwa, hata nilipopanda ndege ulinitaka nikueleze kila kitu ili nawe uwe umepanda. Hili sitaweza kukueleza ukawa umelipitia. Nikilazwa kwenye kitanda kile tutakuwa wawili, mimi huku na wewe huko, kweli kweli. Sijawahi kuwa hivyo. Sijui nitalalaje.

Nisalimie Shangazi, nampa shikamoo ya magoti yote mawili, na umsomee barua hii mpaka mwisho, usiruke. Nisalimie shemeji, mume wako mvumilivu, mwambie asimame mlangoni fundi akija, amlishe vizuri, amshukuru, amrudishe Bungu mapema. Nisalimie mwanetu Zaina, na balozi wetu wa nyumba kumi, na yule jirani yako muuza vitumbua anayeniulizia kila mara. Watani wote waambie wasichoke kunitungia majina, nitachagua mwenyewe.

Nikifika Korogwe sitakuwa kama nilivyokuwa, wala sitakuwa kama ulivyo. Kwa hiyo utunze uso wako, dada. Nikitaka kujua nilikuwaje, nitakuja kukutazama wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Doto.